Dereva wa Jogoo Road Ndiye Dereva wa Salgaa

Anayeendesha gari vyema kwenye barabara kuu hakujifunzia huko. Alijifunzia kwenye visafari vifupi vya kila siku jijini Nairobi: kutoka Mbotela kwenda kununua nyama Burma, kumpeleka mtoto shule, kuwahi zamu Industrial Area. Kwenye visafari hivyo ndipo mkono huzoea kuvuta mshipi kabla ya injini kuwaka, jicho likazoea kupitia vioo, na mguu ukazoea kuachia mafuta mapema. Siku utakapokuwa Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, saa mbili usiku, mvua inanyesha na trela linakujia upande wako, hutapata nafasi ya kukumbuka ulichosoma. Utafanya ulichozoea.

Ndiyo maana ushauri huu unaanzia mtaani. Wengi wetu tunaoishi Mbotela, Makongeni, Kaloleni na Maringo tuna kwetu kwingine: Kakamega, Siaya, Kisii, Machakos, Taita. Pasaka na Disemba zikifika, gari ambalo kwa miezi mingi halikuvuka Donholm linajazwa watoto na mizigo, kisha linapelekwa mamia ya kilomita kwa siku moja. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) za miaka ya karibuni zinaonyesha zaidi ya watu 4,000 wakifa barabarani nchini kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Barabara mbovu, lori lisilo na taa na dereva mwingine aliyelewa haviko mikononi mwako. Mazoea yafuatayo yako mikononi mwako, na karibu yote unaweza kuyaanza kesho asubuhi.

Kagua gari siku mbili kabla ya safari

Madereva wengi hukagua gari asubuhi ya kuondoka, watoto wakiwa wameshaketi ndani. Ukigundua kasoro saa hiyo, utajipa moyo na kuondoka nayo hivyo hivyo. Kagua siku mbili mapema, maduka ya vipuri yakiwa wazi na fundi wako akipatikana.

Anza na tairi, mchana, gari likiwa limepoa. Chuchumaa uangalie ubavu wa kila tairi. Ukiona nyufa ndogondogo, uvimbe au mahali palipochanika, tairi hilo halifai safari ndefu hata kama meno yake bado marefu. Kisha tafuta herufi DOT. Mwishoni mwa mfululizo wake kuna tarakimu nne. Zikisomeka 2318, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2018. Mpira huzeeka hata bila kutembea, na tairi la mtumba linaweza kupendeza machoni huku umri wake umekwenda. Soma tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa.

Presha nayo isiwe ya kukisia. Kwenye kituo cha petroli mhudumu hukuuliza, "Ngapi?" nasi hujibu, "Thelathini," kwa mazoea tu. Jibu sahihi mara nyingi limebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hivyo kibandiko kinaweza kuwa cha Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. 220 kPa, kwa mfano, ni takriban 32 kwenye kipimo cha psi ambacho vituo vyetu hutumia. Gawanya kPa kwa 7 upate makisio ya karibu. Pima tairi zikiwa baridi, na usisahau lile la akiba. Tairi lenye upepo haba hujikunja na kuchemka linapozunguka, na joto hilo ndilo hulipasua likiwa limebeba watu watano na mizigo kwenye jua la Kibwezi.

Baada ya tairi, angalia oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki na maji ya waipa. Ikifika jioni, mwombe jirani asimame nyuma ya gari ukikanyaga breki na kuwasha indiketa, kisha asimame mbele akague taa kubwa. Ndani ya buti hakikisha kuna jeki, spana ya magurudumu, zile pembetatu nyekundu za kung'aa, kizimamoto, sanduku la huduma ya kwanza, tochi na maji ya kunywa. Mizigo mizito iwe chini, imefungwa au imebanwa. Mtungi wa gesi au jembe lililolegea nyuma litaruka mbele ukikanyaga breki ghafla.

Keti vizuri, kisha funga kila mtu

Egemeza mgongo kwenye kiti na unyooshe mkono: kifundo kifike juu ya usukani. Kama hakifiki, umeketi mbali. Kama kiwiko kimekunjika sana, umekaribia mno. Pandisha kiegemeo cha kichwa kiwe usawa wa masikio. Shika usukani penye tarakimu 9 na 3 za saa ya ukutani. Rekebisha vioo gari likiwa limesimama.

Halafu mishipi. Zile kanuni tunazoziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilianza kutekelezwa Februari 2004 na kuwalazimu hata abiria wa matatu kufunga mshipi. Zaidi ya miaka 20 baadaye, wengi bado hufunga wakiona polisi tu, na wanaoketi nyuma mara nyingi hawafungi kabisa. Abiria wa nyuma asiye na mshipi hurushwa kwa mwendo ule ule gari lilikuwa nao, na anayempokea ni aliyeketi mbele yake. Mtoto aliyepakatwa hawezi kushikiliwa na mikono ya mama wakati gari la kilomita 80 kwa saa linagonga na kusimama. Mkono wa binadamu hauna nguvu hizo. Kila mtoto awe na nafasi yake na mshipi wake, na mdogo awe kwenye kiti cha watoto kinacholingana na umri wake.

Jiwekee sharti moja: gari haliondoki mpaka umesikia mshipi wa kila abiria ukishika. Shikilia sharti hilo hata kama mnakwenda Hamza tu.

Hesabu: mia moja na moja, mia moja na mbili

Kama utachukua zoea moja tu hapa, chukua hili. Chagua kitu kisichosogea kilicho mbele, kama mlingoti wa taa au kibao. Gari la mbele likikipita, anza kuhesabu kwa sauti ya kawaida: "Mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu." Kila tamko huchukua takriban sekunde moja. Ukikifikia kitu hicho kabla ya kumaliza la tatu, uko karibu mno, achia mafuta. Mvua ikinyesha, au ukiwa nyuma ya lori linalokuziba macho, hesabu hadi tano.

Sababu ni hii. Kwenye kilomita 100 kwa saa, gari hula karibu mita 28 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji takriban sekunde moja na nusu kuona hatari, kuamua na kufikisha mguu kwenye breki. Hapo gari limeshapiga mita 42 kabla breki hazijaanza kazi. Ukiwa mita 15 nyuma ya basi lililosimama ghafla, ubora wa breki zako hautasaidia kitu.

Jogoo Road ndipo pa kufanyia mazoezi. Utasema haiwezekani, kwa sababu ukiacha nafasi matatu inaingia. Ni kweli itaingia. Achia mafuta kidogo, uiache nafasi tena. Kila gari linaloingia mbele yako linakuchelewesha sekunde mbili au tatu. Hata magari kumi yakiingia kati ya City Stadium na Donholm, umepoteza nusu dakika, na umebaki na nafasi ya kusimama bodaboda itakapochomoka kando ya barabara. Dereva aliyekubali hasara hiyo ndogo mjini hataona shida kuacha nafasi nyuma ya trela huko Sultan Hamud.

Mwendo: hesabu dakika unazookoa

Watu hukimbiza gari wakidhani wanaokoa muda mwingi. Safari ya kilomita 100 kwa mwendo wa 100 huchukua dakika 60. Kwa mwendo wa 120, ambao tayari unavunja sheria, huchukua dakika 50, tena ikiwa barabara iko wazi mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo halitokei. Lori moja mlimani linazila dakika hizo zote.

Wakati huo huo umbali wa kusimama unarefuka haraka kuliko mwendo wenyewe. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, gari dogo linalokwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji takriban mita 35 kusimama, ukijumlisha muda wa kutambua hatari. Kwenye 80 huhitaji karibu mita 70, na kwenye 100 karibu mita 97. Mwendo ukiongezeka maradufu, kazi ya breki huongezeka mara nne.

Ndiyo maana sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na kuzuia matatu, mabasi na malori makubwa ya mizigo kupita 80. Ukifika Emali, Gilgil au kituo chochote chenye maduka kando ya barabara, shuka hadi 50 kabla ya duka la kwanza. Vituo hivyo ni nyumbani kwa watu. Mtoto anavuka kununua maziwa, bodaboda inageuka bila kuangalia, mbuzi anakata barabara. Mwendo wa 50 unakupa nafasi ya kusimama kabla ya kuwafikia.

Tahadhari hii inakuhusu pia unaposimama. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo lilivamia magari na wachuuzi kando ya barabara na kuua zaidi ya watu 50. Ukitaka viazi Kimende au karoti Soko Mjinga, egesha mbali kabisa na lami. Usiwaache watoto wakizunguka kati ya gari na barabara, na usifanye biashara kupitia dirishani gari likiwa ukingoni.

Kuovateki kunahitaji zaidi ya mita 600

Tufanye hesabu ambayo kila dereva anapaswa kuifanya angalau mara moja maishani. Trela la mita 18 linakwenda 80 kwa saa. Wewe unataka kulipita kwa 100. Tofauti yenu ni kilomita 20 kwa saa, yaani chini ya mita 6 kwa sekunde. Ili ulipite bila kulibana unahitaji mita 20 za nyuma, urefu wa trela lenyewe, urefu wa gari lako na mita 20 za mbele. Hizo ni zaidi ya mita 60, na zitakuchukua sekunde 11 hivi. Kwa sekunde hizo umesafiri karibu mita 310 kwenye upande usio wako. Gari linalokuja kwa 100 nalo limesafiri mita 310. Kwa hiyo unahitaji zaidi ya mita 600 za barabara iliyo wazi, bila kona, bila kilele, bila makutano. Sehemu kubwa ya barabara ya Mombasa haina kizuizi chochote katikati, na mita 600 zilizo wazi hazipatikani kila mahali.

Kwa hivyo zoea mpangilio huu. Kaa nyuma ya lori kwa umbali unaokuwezesha kuona mbele. Ukilikaribia sana, mzigo wake unakuziba macho. Angalia mbele, angalia kioo cha kati, angalia kioo cha kulia, geuza shingo kidogo. Washa indiketa. Ukiamua, pita bila kusitasita, na usirudi upande wako mpaka uone taa zote mbili za lori kwenye kioo cha kati. Ukiwa na shaka hata chembe, subiri. Usimfuate anayepita mbele yako kwa kudhani kwamba njia yake ni njia yako. Yeye aliona barabara, wewe unaona buti lake.

Kuna lugha ya indiketa ambayo madereva wa malori huitumia. Akiwasha ya kushoto, anakuambia njia ni nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia, anakuambia subiri, kuna kitu kinakuja. Usiku wengine huwasha ya kulia wanapokutana nawe ili uone upana wa lori. Lugha hiyo ina wema ndani yake, ila ichukue kama ushauri tu. Indiketa ya kulia itii kila mara kwa kusubiri, maana huenda pia anakata kona. Ya kushoto usiitii mpaka macho yako mwenyewe yaone barabara. Huenda anataka kuegesha tu.

Nawe ukipitwa, saidia. Achia mafuta kidogo, kaa kushoto, mwache amalize. Kuongeza mwendo ili asikupite ni kuhatarisha watu wa magari matatu kwa ajili ya kiburi cha mmoja. Na kama huoni uso wa dereva wa lori kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Usikae ubavuni mwake.

Mteremko unataka gia

Barabara ya kati ya Mau Summit na Salgaa, hasa Sachangwan, ina mteremko mrefu ulioua wengi. Sababu moja iliyotajwa kwa miaka mingi ni malori yanayoshushwa bila gia ili kuokoa dizeli. Injini ikiachwa huru, breki ndizo hubeba uzito wote. Zinachemka, zinalegea, na dereva anabaki kupiga honi.

Madereva wa magari madogo nao hufanya hivyo, wakidhani hatari ni ya malori peke yake. Shuka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda mlima ule ule. Kwenye gari la otomatiki, ondoa D uweke 2, L au S kulingana na gari lako, kabla mteremko haujaanza. Kanyaga breki kwa vipindi: punguza mwendo vya kutosha, achia, kisha rudia. Usiuegemeze mguu hapo njia nzima. Unapoteremka kuelekea Mai Mahiu, angalia kioo cha kati mara kwa mara. Lori la nyuma likikukaribia kwa kasi isiyo ya kawaida, lipishe mapema, usisubiri honi.

Na ukilikuta lori la mafuta limeanguka, ondoka haraka na uwaambie wengine waondoke. Tarehe 31 Januari 2009, hapo Sachangwan, watu walikuwa wakichota petroli iliyomwagika moto ulipolipuka. Zaidi ya 100 walikufa.

Usiku, ukungu na mvua

Ukiweza kusafiri mchana, safiri mchana. Ikibidi usiku, kumbuka kwamba taa fupi humulika takriban mita 40 hadi 60 mbele, na gari la kilomita 80 kwa saa huhitaji karibu mita 70 kusimama. Maana yake, kwa mwendo huo utaliona trela lililoharibika baada ya nafasi ya kusimama kwisha. Punguza hadi uweze kusimama ndani ya sehemu unayoiona.

Gari likikujia na taa kali, usiliangalie. Elekeza macho kwenye mstari wa ukingo wa kushoto, uachie mafuta. Usimlipize kwa taa ndefu. Mtabaki wawili msioona. Ukiona matawi ya miti yamewekwa barabarani, hiyo ni alama ya gari lililoharibika mbele. Punguza mwendo papo hapo.

Ukungu wa Kinale na Kimende hufunika barabara alfajiri. Washa taa fupi, kwa sababu taa ndefu huurudisha mwanga machoni mwako. Usiendeshe huku umewasha indiketa zote mbili kwa pamoja, kama wengi wanavyofanya kwenye mvua: anayekufuata hatajua ukitaka kukata kona. Indiketa hizo ni za gari lililosimama au lenye dharura.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganyika na oili na vumbi, lami ikateleza kuliko itakavyoteleza baadaye. Na maji yanayopita juu ya daraja yasikutie majaribuni. Tarehe 4 Disemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi. Mto ulilibeba, na zaidi ya watu 30 walikufa. Huwezi kuona kina cha maji ya matope wala kujua kama barabara bado iko chini yake. Subiri, au rudi.

Usingizi, pombe na simu

Dereva hapaswi kufunga mizigo usiku kucha kisha ashike usukani saa kumi alfajiri. Wapangie wengine kazi hiyo, wewe ulale. Saa za hatari zaidi ni kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na tena mchana baada ya kula. Kusinzia kwa sekunde 4 tu kwenye kilomita 100 kwa saa ni kusafiri mita 111 bila dereva. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio au kutafuna miraa hakuondoi usingizi. Kunauficha mpaka unapokushinda. Dawa ni moja: toka barabarani, egesha mahali penye watu na taa, lala dakika 20. Kila baada ya saa mbili simama, unyooshe miguu. Ukielekea magharibi, simama Naivasha kisha Nakuru. Ukielekea Pwani, simama Emali kisha Mtito Andei.

Pombe ya jana inaweza kuwa bado mwilini leo. Mwili huiondoa polepole, takriban kipimo kimoja kidogo kwa saa, na hauharakishwi na kahawa, maji baridi wala supu ya asubuhi. Kama kesho ni safari, leo dereva hanywi.

Simu iweke ndani ya dashibodi, si mapajani. Panga ramani kabla ya kuondoka, na mteue abiria mmoja awe wa kupokea simu zako njia nzima. Kuangalia ujumbe kwa sekunde 5 kwenye mwendo wa 80 ni mita 111 nyingine ambazo hukuziona.

Gari likileta shida njiani

Tairi likipasuka, shikilia usukani imara kwa mikono yote miwili, usikanyage breki, achia mafuta, liache gari lipunguze mwendo, ndipo utoke barabarani. Breki zikikosa kushika, pampu kanyagio haraka haraka, shuka gia moja moja, na uvute handibreki kidogo kidogo.

Ukiegesha kwa dharura, toka nje ya lami kabisa, washa indiketa zote mbili, na uweke pembetatu angalau mita 50 nyuma, mbali zaidi kama kuna kona. Abiria wote washuke upande usio wa magari na wasimame mbali, si ndani ya gari wala mbele yake. Ukitumia matawi au mawe, yaondoe kabla ya kuondoka. Jiwe ulilosahau litampindua mwenye pikipiki usiku. Hifadhi namba 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Ungwana nao ni usalama

Mtaa wetu una jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) aliyeuawa Novemba 1952. Kwa Wakenya wengi jina hilo linaleta pia sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ambaye kipindi chake cha redio *Je, Huu ni Ungwana?* kilianza mwaka wa 1966. Swali hilo linafaa kuulizwa kwenye usukani. Je, ni ungwana kumfungia njia mwenye matatu kwa sababu alikufungia jana? Kumpigia honi mama mwenye mzigo anayevuka pale Makongeni? Kupita kivuko kwa kasi kwa sababu gari la njia ya pili limesimama, bila kujiuliza limemsimamia nani?

Hasira hupunguza akili ya dereva, na mtu aliyefika Athi River akiwa ameshagombana na watano haendeshi tena gari, anaendesha kisasi. Msamehe anayekosea, mpishe mwenye haraka, msimamie anayevuka. Hutapoteza zaidi ya dakika chache kwa siku.

Pa kuanzia

Usijaribu kubadilisha yote kwa pamoja. Wiki ya kwanza shika mshipi na simu. Wiki ya pili ongeza kuhesabu hadi mia moja na tatu, kila siku, Jogoo Road hiyo hiyo. Wiki ya tatu ongeza kilomita 50 mahali pa watu, hata pasipo na polisi. Mazoea haya yakifanyika bila kufikiria, uko tayari kwa safari ndefu.

Kisha, kabla ya kuwasha gari siku ya safari, wageukie abiria wako uwaambie jambo moja: mtu yeyote humu ndani, hata mtoto, ana ruhusa ya kusema "punguza mwendo", na nitapunguza bila kubishana. Abiria wengi huogopa na kunyamaza kwa sababu gari ni la Baba au la mjomba. Wape ruhusa hiyo kwa kinywa chako, na siku watakapoitumia, punguza.